Mzee Aliyemuuliza Staringi

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Mbeya inayomfanya mtu avae sweta mbili na bado asitake kutoa mikono mfukoni. Mpwa wangu alikuwa ameegesha bodaboda mbele ya duka letu la steshenari pale Kabwe, akaingia ndani kukwepa upepo, akisubiri abiria ambao asubuhi ile hawakuwa na haraka ya kuachana na mablanketi yao. Juu ya mashine ya fotokopi nilikuwa nimeacha kitabu cha katuni. Akakichukua, akakifungua kama anavyofungua kila kitabu: katikati.

"Mjomba, huyu mzee anamwambia nini staringi?"

Nikasogea. Ni ukurasa ninaoujua vizuri. Mzee mweusi, nguo zimemchakaa, uso umejaa mikunjo, anazungumza na jamaa wa kizungu aliyevaa nguo ya kijani ya kubana na kinyago machoni. Nikamtafsiria kwa Kiswahili cha hapahapa Kabwe. Mzee anasema: nimesoma habari zako, kwamba unafanya kazi kwa watu wa rangi ya bluu. Kwamba kwenye sayari fulani umewasaidia watu wa rangi ya chungwa, na kwingine wa zambarau. Lakini kuna rangi moja hujahangaika nayo. Watu weusi. Hebu niambie, imekuwaje?

"Na staringi anamjibu nini?"

"Anainamisha kichwa. Anasema hana jibu."

Mpwa wangu akatikisa kichwa taratibu. Nikadhani limemwingia, nikaanza kuandaa mhadhara wangu mdogo. Yeye akafunua ukurasa unaofuata, akafunua mwingine, akarudi nyuma, akaenda tena mbele, kama mtu anayetafuta risiti.

"Sasa mzee mwenyewe kaenda wapi?"

Nje mtu akaita boda. Akafunga kitabu, akavaa helmeti, akaondoka.

Hii ni wiki ya sita. Swali la mzee nilikuwa nalo tangu nikiwa kidato cha tatu, na nilishajizoesha kuishi nalo. La mpwa wangu ndilo linaloniamsha.

Sido, elfu tatu

Kitabu nilikinunua soko la Sido kwa mzee mmoja wa vitabu vya mitumba. Alianzia elfu saba, tukamalizana elfu tatu. Jalada halipo na kurasa za mwanzo zilishaonja maji, lakini hadithi ipo. Ni mkusanyo wa matoleo ya Green Lantern na Green Arrow yaliyoandikwa na Denny O'Neil na kuchorwa na Neal Adams, kuanzia namba 76 la Aprili 1970.

O'Neil alikuwa mwandishi wa habari kabla ya kuingia kwenye katuni, na inaonekana. Mauzo ya Green Lantern yalikuwa yameshuka vibaya, na mhariri Julius Schwartz akawaachia vijana wajaribu wanachotaka. Gazeti linalokaribia kufa hupewa uhuru ambao gazeti linalouza halipewi.

Hadithi inaanza na Hal Jordan, ndiye Green Lantern, akiruka juu ya mji. Chini anaona kijana anamkwida bwana mmoja aliyevaa suti. Anashuka, anamdhibiti kijana, anamwokoa mwenye suti, na anasubiri kupigiwa makofi.

Anapigwa makopo.

Watu wa mtaa wanamrushia takataka kutoka juu na kutoka pembeni. Haelewi. Rafiki yake Green Arrow, mtu wa mishale na maneno makali, anamvuta ndani ya jengo lenyewe, anamwonyesha vyumba, ngazi zilizooza, wazee waliokaa humo. Yule mwenye suti ni Jubal Slade, mwenye nyumba. Anataka kuwatoa wapangaji wote, abomoe, ajenge maegesho ya magari.

Toleo hilo lina jina lililotolewa kwenye kiapo cha Green Lantern, kile anachokitamka kila anapochaji pete yake: hakuna uovu utakaoponyoka macho yangu. Tangu nikiwa kijana niliisoma sentensi hiyo kama majigambo ya staringi wa kawaida. Sasa naisoma kama kejeli. Mtu anaapa kila siku kuhusu macho yake, na mtaa mzima umemponyoka kwa sababu siku zote ameutazama kutokea angani.

Nasi tuna pa kutazamia. Panda Loleza siku isiyo na ukungu utaona mabati ya Mwanjelwa yanavyometa. Ni mandhari nzuri mno. Nimeipiga picha mara nyingi, nyingine zipo humu kwenye blogu.

Pete inayokula nia

Kwa wasiomjua huyu jamaa: pete yake haitumii betri tu, inatumia nia. Anachokitaka kwa dhati ndicho kinachotokea. Akitaka ngumi kubwa ya mwanga wa kijani, inatokea. Akitaka kubeba meli, anabeba. Udhaifu wake enzi hizo ulikuwa mmoja, pete haifanyi kazi kwenye kitu cha njano. Kijani na njano. Msomaji wa Tanzania acheke mwenyewe, mimi sijasema kitu.

Lakini hilo la nia ndilo lililonikaa. Nani hajawahi kukalishwa kwenye semina ya nia? Vijana jitumeni. Vijana acheni kuchagua kazi. Fursa ziko nje nje, tatizo ni mtazamo wenu. Mwaka jana mpwa wangu alihudhuria moja, alilipa kiingilio, akarudi na daftari lenye neno moja tu amelipigia mstari: AMINI. Kesho yake mwenye pikipiki akataka hesabu yake ya siku kama kawaida, awe ameamini au hajaamini.

Hal Jordan ana nia ya kutosha, na pete alipewa kwa sababu ni mkweli na hana woga. Na bado anapomwendea Slade ofisini, mabosi wake wa rangi ya bluu walioko mbali kwenye sayari yao wanamwita na kumkaripia. Mtu huyu hajavunja sheria, unamfuata wa nini? Ni kweli hajavunja. Nyumba ni yake.

Slade mwishoni anakamatwa. Hapa naomba utulie, maana nilisoma mara tatu kabla ya kuona. Anakamatwa kwa sababu alituma watu wamuue Green Arrow, na mashujaa wetu wakamtegea mpaka akajitaja mwenyewe mbele ya mwendesha mashtaka. Kuwatoa wazee kwenye vyumba vyao hakukuwa kosa katika ukurasa wa kwanza, na katika ukurasa wa mwisho bado hakukuwa kosa. O'Neil alihitaji jinai ya pili ili apate pa kuifungia hadithi.

Sijui kama alilifanya kusudi. Mimi ningependa kuamini alijua.

Superman na bomoabomoa

Green Lantern hakuwa shujaa wa kwanza kukutana na umaskini wa mjini. Superman, akiwa na miezi michache tu tangu azaliwe, alishafika huko. Ni katika Action Comics namba 8 ya Januari 1939, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, waliouza haki za shujaa wao kwa dola 130.

Katika hadithi hiyo Superman anamsikia mama akimlilia mwanawe aliyefikishwa mahakamani. Anaanza kuwafuata vijana wa mtaa ule, na anafikia uamuzi kwamba kosa si lao peke yao, ni mtaa wenyewe ulivyo. Kisha anasoma gazetini kwamba mji mmoja ulioharibiwa na kimbunga umejengwa upya na serikali, nyumba nzuri za kisasa. Basi anawaambia wakazi watoe vyombo vyao nje, na anaubomoa mtaa kwa mikono yake. Askari wanakuja, ndege zinaangusha mabomu kumzuia, na mabomu yanamsaidia kubomoa. Mwisho wa hadithi serikali inajenga ghorofa.

Mwaka 1939 Marekani iliamini hivyo. Sheria yao ya nyumba za bei nafuu ilikuwa imepita mwaka 1937 tu, wino bado mbichi.

Mimi nilipoisoma nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Fikiria msomaji wa Mwanjelwa. Shujaa anaingia mtaani, anawaambia watu watoe vyombo, anaangusha kuta. Sisi hatumwiti Superman. Hiyo ni bomoabomoa, na wengi wetu tumeikuta ikija na kijiko na alama ya X nyekundu ukutani. Kinachotushangaza katika hadithi si mtu anayeruka. Ni ghorofa kutokea ukurasa unaofuata, na waliotolewa ndio wanaoingia.

Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Waliohamia Sido nao wakaungua 2011. Soko jipya liliposimama, miaka ilikuwa imeshakwenda, na kuna mama wauza mchele ninaowajua ambao hawakurudi tena.

Na hata kwao Marekani ghorofa zenyewe zilikuja kuonekana mwisho wake. Mjini St. Louis walijenga majengo 33 ya ghorofa kumi na moja kila moja, wakayaita Pruitt-Igoe, wakawahamishia humo watu wa vitongoji duni. Mwaka 1972 wakaanza kuyalipua. O'Neil ni mzaliwa wa St. Louis, wa mwaka uleule wa 1939. Na mwaka huohuo wa 1972, toleo namba 89, gazeti lake na Adams likafutwa. Tuzo lilipata, wanunuzi halikupata.

Hatimaye tunapita

Nimezunguka vya kutosha. Niseme nililokuwa nalikwepa.

Mwishoni mwa mwaka 2021, mnakumbuka, nchi nzima machinga waliambiwa watoke pembezoni mwa barabara na mbele ya maduka, waende walikopangiwa. Mbeya pia. Gari la matangazo lilipita na kipaza sauti, siku zikahesabiwa, siku zikaisha. Wiki iliyofuata nikaandika humu makala niliyoipa jina "Hatimaye Tunapita". Wapo wanaoikumbuka, ilisomwa sana. Niliandika kwamba sasa unaweza kutembea Kabwe bila kukanyaga nyanya ya mtu. Niliandika kwamba mji umevuta pumzi. Niliweka na picha.

Sikuwa muongo. Barabara zilikuwa zinapitika kweli.

Kwenye ngazi za duka letu, upande wa kushoto, kwa miaka minne alikuwa akikaa mama mmoja wa uji. Uji wa ulezi, moto, na viazi vya kuchemsha ndani ya ndoo iliyofunikwa kitenge. Alikuwa na kitambulisho kile cha wajasiriamali wadogo cha shilingi 20,000, kile kilichotoka Desemba 2018, alikivaa shingoni kwa kamba ya kiatu kama mwanafunzi. Kila asubuhi alinipa kikombe, mara nyingi kwa mkopo. Nikisema "mama, tutamalizana," anajibu "ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, basi.

Baada ya tangazo hakuonekana. Mimi niligundua siku ya nne. Na niligundua kwa sababu nilikuwa na njaa.

Makala niliyoiandika wiki ile ina maneno zaidi ya elfu moja. Juzi nimeipitia yote kutafuta neno uji. Halimo.

Swali lenye mwenyewe

Kuna shaka iliyonishika wiki ya tatu, karibu nifute rasimu hii nzima. Swali la yule mzee si langu. Linahusu ngozi, na linatoka mahali pake. Aprili 1968, miaka miwili kabla ya toleo lile, Martin Luther King aliuawa Memphis, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliokuwa kwenye mgomo. Miezi miwili baadaye Robert Kennedy naye akauawa. Kurasa za mwisho za namba 76 zinawataja wote wawili. Green Arrow anamfokea mwenzake kwamba nchi inaoza na wao wako angani wanafukuza mazimwi. Mzee yule anauliza kwa mdomo wa watu waliokuwa na kila haki ya kuuliza. Mimi ni mweusi kati ya weusi, ninamiliki nusu ya mashine ya fotokopi. Nikilichukua swali lake na kulileta Kabwe, ni kama nimeazima koti la msiba kwenda nalo harusini.

Nikamweleza mpwa wangu hivyo, kwa kirefu. Akasikiliza huku anafuta plagi ya pikipiki.

"Kwani mzee anaitwa nani?"

Nikafungua. Nikatafuta. Katika toleo lile mzee hana jina. Mwenye nyumba analo, tena na la ukoo. Mashujaa wana mawili mawili, la nyumbani na la kazini.

"Basi hata wao hawakumuuliza," akasema.

Sikufuta rasimu.

Sisi tuliokua na gazeti la katuni la Sani tulizoea katuni za namna nyingine. Kwa akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa mhangaikaji ndiye staringi, na lofa kapewa ulofa wake mpaka kwenye jina. Hakuna aliyeshuka kutoka angani kumwokoa. Alikuwa akijiokoa kwa ujanja na kushindwa, tukacheka, tukasubiri toleo jingine. Sisemi zilikuwa bora kuliko za Adams. Kwa uchoraji wa mkono na uso wa mtu sijaona kama Adams. Nasema tu kwamba katika Sani yule mzee angekuwa na jina, na huenda angekuwa na deni dukani pia.

Mlango uliofungwa

Namba 76 inaisha kwa safari. Mmoja wa wale mabosi wa bluu anashuka duniani, anavaa umbo la mtu wa kawaida, na wote watatu wanapanda gari dogo la mizigo kwenda kuitafuta Marekani yenyewe ilivyo. Kwa miaka nimeona ni mwisho mzuri kupita yote. Barabara, milima, watu watatu garini. Mpwa wangu, niliposhamsimulia, aliuliza nani sasa atakuwa anapokea kodi ya lile jengo.

Wanakwenda. Wanakutana na wachimba madini, wanakutana na wenyeji wa asili wanaonyang'anywa misitu. Kila toleo mahali pengine. Halafu, mwaka 1971, kwenye namba 85 na 86, hadithi inawarudia nyumbani kwao.

Green Arrow alikuwa na kijana aliyemlea, Roy Harper, jina la kazi Speedy. Wakati mlezi yuko barabarani akiwahubiria watu kuhusu dhuluma, kijana amebaki peke yake, na ameanza kujidunga heroini. Kanuni za katuni za tangu 1954 zilikuwa hazitaki hata kutaja dawa hizo; mapema mwaka huohuo Spider-Man alilazimika kutoka matoleo matatu bila muhuri wa kanuni kwa sababu hiyo, ndipo kanuni zikalegezwa. Hayo ni ya wanahistoria. Kinachobaki kwangu ni kitendo kimoja. Green Arrow, mtu wa wanyonge, mtu wa maneno makali kuhusu haki, anapogundua, anampiga mtoto kofi na kumfukuza nyumbani.

Anayekaa na Roy usiku ule, kijana akitetemeka na kutapika na kutaka kufa, ni Black Canary, shujaa mwenzao wa kike. Hapigani na mtu. Yupo tu chumbani.

Mtaani kwetu ipo nyumba ambayo jioni mama anakaa kibarazani, mlango nyuma yake umefungwa kwa nje. Kila mtu anajua kwa nini. Dawa ya methadone inatolewa nchini tangu 2011 pale Muhimbili, na baadaye huduma ikafika mpaka Mbeya. Kijana alikwenda, akaacha, akaenda tena. Baba yake alishafanya la Green Arrow zamani. Sisi majirani tunapita, tunasalimia, tunaharakisha. Nimepita mara ngapi mimi? Mama huwa anaitika vizuri sana, tena anauliza hali ya dukani.

Zamani nilidhani kukata tamaa kuna kelele, watu wanavunja vioo. Pale kibarazani huwa kimya, na mboga imeshachambuliwa.

Nanenane

Mpwa wangu ndiye aliyempata mama wa uji. Bodaboda wanajua kila mtu anauza wapi. Aliuliza kijiweni jioni, asubuhi akawa na jibu. Jumamosi iliyopita akanipakia, tukapita Ilomba na Sae, upepo unakata masikio, mpaka karibu na stendi ya Nanenane. Njiani nilikuwa natunga cha kusema. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa na neno "sauti" na neno "kuonekana".

Alikuwa amekaa nyuma ya jiko la mkaa, kitenge kilekile au ndugu yake, abiria wa mabasi ya Kyela wamemzunguka. Amepungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaminya macho. "Gwe! Si wewe wa kwenye fotokopi?"

"Ndiyo, mama."

"Una vikombe vyangu viwili."

Nikaanza kufikiria vikombe vya plastiki, kama viliwahi kubaki dukani.

"Vya uji. Ulikunywa Jumatatu, ukanywa Jumanne, ukasema tutamalizana Ijumaa. Ijumaa sikuwepo."

Nikatoa elfu moja. Akahesabu kwa sauti, mia tatu mara mbili, akanirudishia mia nne. Bei ya mwaka ule, bila riba. Nikakaa kwenye kibenchi. Nikamuuliza alikwenda wapi baada ya pale.

"Sikwenda. Nilikaa ndani. Huku waliponileta watu hawakuwepo, siku tatu nikamwaga uji wote. Nikasema basi. Karibu mwezi mzima sikuwasha moto, watoto wanakula kwa dada yangu."

"Ukaamkaje, mama?"

Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Ulezi ulianza kuingia wadudu."

Nilitaka kuendelea, lakini mpwa wangu, ambaye hajui kunyamaza panapotakiwa kunyamaza, akadakia. "Mama, mjomba aliandika kwenye mtandao mlipoondolewa. Alisema barabara imependeza."

Ile hotuba yangu yote ikayeyuka. Nikatazama jiko.

"Ilipendeza kweli," akasema mama, anakoroga. "Nilipita siku moja na daladala, nimekaa dirishani. Nikasema hee, kumbe ngazi za pale zina marumaru."

Abiria wa Kyela akanyoosha kikombe, akaongezewa. Mimi pia nikaomba kimoja.

"Sasa hivi ni mia tano," akasema.

Nilikuwa na ile mia nne mkononi. Mpwa wangu akaongeza mia.